Antony aliyekaukiwa sauti: kisa cha kikundi cha maigizo cha sekondari Tabora

Kikundi kilikuwa na wanafunzi 22 wa miaka 14 hadi 17, wasichana 12 na wavulana 10, katika sekondari moja ya kutwa mjini Tabora. Walijipa kazi ya kuigiza vipande vya Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, kwa dakika 55, mwishoni mwa Septemba. Walikuwa na wiki tisa za mazoezi, siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Wiki ya tatu ilipokwisha, watano walikuwa wamekaukiwa sauti, akiwamo kijana aliyepewa nafasi ya Antony, rafiki wa Kaizari anayehutubia mazishini. Waliobaki na sauti walitamka maneno yote bila kosa, lakini aliyewasikiliza hakuweza kueleza kilichosemwa.

Matatizo haya mawili yalichukuliwa kuwa tofauti. Sauti ikapelekwa kwenye tangawizi, na kutoeleweka kukaambiwa ni uvivu wa mazoezi. Kumbe chanzo ni kimoja, nacho ni kukariri kabla ya kuelewa.

Uchaguzi wa tamthilia haukuwa na kasoro. Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, akafundisha St. Mary's hapo hapo mjini kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Tafsiri yake ilitoka mara ya kwanza 1963 kwa jina la Julius Caezar, akaipitia upya na kuitoa tena 1969. Kukata tamthilia nzima, inayochukua zaidi ya saa mbili, hadi dakika 55 nako kulifanywa kwa akili: Cassius akimshawishi Brutus aingie katika njama ya kumuua Kaizari, mkutano wa usiku bustanini kwa Brutus, Portia, mke wa Brutus, akidai kuambiwa siri, mauaji ya Kaizari, hotuba mbili za mazishi, ya Brutus na ya Antony, na mwisho, Cinna mshairi akiuawa na umati kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Vita vyote vya mwisho viliachwa. Kwa vijana huu ni ukataji mzuri, maana vita vya jukwaani vinahitaji watu wengi na muda mrefu, na faida yake kwa mtazamaji ni ndogo. Cinna ana ukurasa mmoja tu lakini anampa kila mwanakikundi la kufanya.

Tatizo lilianza siku vitabu vilipogawiwa. Nakala zilikuwa nne. Mwalimu akaamua kila kipande kisomwe kwa sauti, wote wafuatishe, mpaka kiingie kichwani. Kwa siku nne hotuba ya Antony ikawa inasomwa kwa pamoja uwanja wa paredi, kwa mapigo yale yale ya ngonjera.

Ngonjera haina kosa hapa. Ni sanaa yenye heshima yake tangu Mathias Mnyampala alipoieneza miaka ya 1960, na mtoto aliyepita humo haogopi kusimama mbele ya watu 500, jambo ambalo walimu wa maigizo kwingine hulitafuta kwa miezi. Ila ngonjera ina vina na mizani. Sikio hujua mstari unaishia wapi na pumzi huingia hapo. Mashairi ya tamthilia hii ya Shakespeare, na tafsiri yake pia, hayana vina. Sentensi inaweza kuanza katikati ya mstari, ikavuka mistari mitatu, ikaishia katikati ya wa nne. Mwanafunzi anayevuta pumzi kila mwisho wa mstari anaikata sentensi vipande, halafu anajaribu kuviunga kwa nguvu ya koo.

Hilo lilithibitishwa kwa majaribio matatu yasiyochukua zaidi ya nusu saa, na mwalimu yeyote anaweza kuyarudia. Kwanza, kijana wa Antony alisimama mita mbili kutoka kwa rafiki yake, akamweleza kwa maneno yake mwenyewe, Kiswahili cha mtaani, kwamba watu hawa wamemuua bosi wangu na sasa wananiruhusu niseme machache. Sauti, ingawa ilikuwa na mkwaruzo, ilitoka bila shida. Rafiki akasogezwa hadi mita kumi, bado akasikia. Pili, akasema hotuba yenyewe kutoka kichwani kwa umbali ule ule. Mabega yakapanda, kidevu kikatangulia mbele, sauti ikapanda juu, na kufikia mstari wa saba mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Tatu, akarekodiwa kwa simu. Pumzi ilisikika mwisho wa kila mstari, iwe sentensi imekwisha au haijaisha. Koo lililofanya kazi vizuri katika jaribio la kwanza haliwezi kuwa ndicho chanzo cha shida ya jaribio la pili.

Mazingira yaliongeza uzito. Mazoezi yalianza saa tisa alasiri, Agosti, kwenye vumbi la paredi, na wengi walikuwa hawajanywa maji tangu mapumziko ya saa nne. Tena walikuwa wameambiwa wapaze sauti mpaka ifike kwenye mwembe ulio mita 30 mbele. Amri ya kufikisha sauti mbali, ikitolewa kwa mtu ambaye bado hajui anamwambia nani nini, huzaa kelele.

Ile tangawizi ilichanganywa na asali. Tabora asali haikosekani, na inatuliza koo kweli, lakini kinachomezwa hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Kikipita, mtu amepaliwa. Nyuzi zilizochoka zinataka mapumziko na maji ya kutosha mwilini, tena yaliyonywewa mapema, si lita nzima dakika tano kabla ya kupanda jukwaani.

Namna ilivyorekebishwa

Watano waliokaukiwa walipumzishwa siku tatu. Kupumzika maana yake ni kusema kidogo kwa sauti ya kawaida. Kunong'ona hakukuruhusiwa, kwa sababu kunong'ona kwa nguvu kunaweza kuzichosha nyuzi vilevile. Walifanya mazoezi ya miguu na mikono huku wenzao wakiwasomea. Makubaliano yalikuwa kwamba ambaye sauti yake haitarudi baada ya wiki mbili atapelekwa hospitali. Hakuna aliyefika huko.

Kisha vitabu vikawekwa kando kwa wiki nzima. Kila mwanafunzi alipewa kazi ya kuieleza kila sentensi yake, si kila mstari, kwa maneno ya kawaida, mbele ya mwenzake aliyeruhusiwa kuuliza swali moja tu: unaniambia ili nifanye nini? Asiyejua jibu alirudi kwenye sentensi. Hapa ndipo ilipobainika kwamba msichana aliyekuwa Cassius, mmoja wa wenye kumbukumbu kali kuliko wote, alikuwa hajui kama mhusika wake anamsifu Kaizari au anamdharau anapokumbuka siku walipoogelea wote mtoni.

Baada ya maana likaja zoezi la kutembea alama za uandishi, la aina aliyoifanyia kazi sana Cicely Berry, aliyekuwa mwalimu wa sauti wa Royal Shakespeare Company kuanzia 1969. Mwigizaji anasoma akitembea. Kila afikapo koma, nukta au alama ya kuuliza, anageuka na kwenda upande mwingine. Mwisho wa mstari usio na alama, haruhusiwi kusimama. Mtu mwenye mawazo mafupi mafupi hujikuta anazunguka kama kishada. Mwenye sentensi ndefu huvuka uwanja mzima kabla ya kugeuka. Mwili unajua urefu wa wazo kabla kichwa hakijaambiwa, na pumzi hujipanga yenyewe. Dakika 15 zinatosha. Zikizidi, vijana wanageuza mchezo.

Pumzi yenyewe ilifundishwa chini, kwenye mikeka. Kulala chali, magoti yamekunjwa, kiganja chini ya mbavu. Vuta kwa hesabu ya nne, tumbo lipande na mabega yatulie, kisha toa kwa sauti ya «sss» nyembamba isiyoyumba. Siku ya kwanza wengi waliishia hesabu ya tisa au kumi. Lengo lilikuwa 18, na wengi walilifikia wiki ya sita. Zikafuata dakika mbili za «mmm» midomo imefungwa bila kukaza meno, mpaka mtetemo usikike puani na kwenye midomo. Jumla dakika 12 kila siku kabla ya neno lolote la tamthilia. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi nyingi mno: kifua kinajaa, mwigizaji anakaza, na sentensi inatoka kwa mlipuko kisha inafifia.

Kufifia huko kuna madhara makubwa katika Kiswahili kuliko watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya maana imebebwa mwanzoni na mwishoni mwa kitenzi, mahali ambapo mwigizaji aliyeishiwa pumzi hupameza. Katika tamthilia ya mauaji, asiyemaliza «aliuawa» amesema «aliua», na maiti amekuwa muuaji. Dawa ilikuwa kuisema hotuba kwa irabu peke yake mara moja, kisha kwa midomo bila sauti mbele ya mwenzake anayejaribu kusoma midomo, kisha kwa sauti ya kawaida.

Antony wetu alikuwa na la ziada: miaka 15, sauti inavunjika, naye alikuwa anaisukuma chini ili aonekane kiongozi. Aliombwa aitikie «mmh» kama anavyoitikia nyumbani anapoitwa na mama yake, kisha aanze hotuba kwenye kimo hicho hicho. Ilikuwa juu kidogo kuliko alivyotaka. Sauti ikikatika katikati ya onyesho, kijana wa umri huu aiache ikatike na aendelee. Akirudi nyuma kuirekebisha, ukumbi mzima utajua.

Swali gumu lilikuwa namna ya kuwasahaulisha wimbo waliokwisha kuukariri. Kuwaambia waache hakusaidii. Kilichosaidia ni kusema maneno huku mikono ikifanya kazi isiyo na mapigo ya wimbo ule: kufagia, kuhamisha madawati, kucheza rede. Mwili ukishughulika na mpira, wimbo unavunjika na maneno yanabaki. Ilichukua karibu wiki mbili, muda ambao usingehitajika kama kukariri kungesubiri hadi wiki ya tano.

Uhaba wa vitabu ulitatuliwa kwa mtindo wa Shakespeare mwenyewe. Waigizaji wa enzi yake hawakupewa tamthilia nzima. Kila mmoja alikuwa na karatasi za maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia ili ajue zamu yake. Wanafunzi walinakili sehemu zao kwa mkono kwenye daftari, na maneno matatu ya kupokelea kwa wino mwekundu. Faida yake ni kwamba mtu asiyejua mwenzake atasema kwa muda gani analazimika kumsikiliza. Hasara yake ilionekana pale watu wawili walipokuwa na maneno ya kupokelea yanayofanana wakaingia kwa pamoja. Hapo ongeza hadi maneno sita.

Umati, visu na nyuki

Umati ulikuwa watu kumi. Mwanzoni wote walipiga kelele ile ile kwa wakati ule ule, na Antony alilazimika kushindana nao. Uligawanywa makundi matatu: wanaomwamini Brutus kabisa, wasiojua, na waliokuja kwa udadisi. Kila mtu akapewa kazi mjini, mchoma mahindi, fundi viatu, muuza samaki wa Malagarasi. (Roma ina mto wake, lakini hakuna aliyelalamika.) Kisha hotuba ikakatwa mahali sita, kila pahala kitenzi kimoja cha Antony: kuomba radhi, kutia shaka, kunyamaza, kuchokoza kwa wosia wa Kaizari, kuonyesha joho lake lililotobolewa, kuachia. Kundi la udadisi hugeuka kwenye shaka, wasiojua kwenye wosia, na watu wa Brutus hawageuki mpaka wauone mwili. Wosia wenyewe, sarafu 75 za drakma kwa kila raia, unakuja mwisho baada ya kutajwa na kufichwa. Umati ukigeuka wote mapema, Antony hana haja tena ya kuusoma. Kanuni ya kelele ilikuwa moja: ipande ghafla na ishuke ghafla, kwa ishara ya mtu mmoja wa katikati anayeshusha mkono.

Mauaji yalipangwa kwa hesabu. Visu vya msonobari, sentimita 25, ncha ya mviringo, vimepakwa rangi ya fedha. Chuma hakikuruhusiwa hata kwenye mazoezi. Wauaji sita, Casca wa kwanza na Brutus wa mwisho, kama ilivyoandikwa. Kila pigo lina hatua nne: kutazamana machoni, Kaizari kuitikia kwa kichwa, kisu kupita kati ya mkono na mbavu upande usioonekana na watazamaji, na Kaizari mwenyewe kutoa mguno. Anayechomwa ndiye anayeongoza. Asipoitikia, hakuna pigo. Mazoezi huanza kwa robo ya mwendo, kisha nusu, na onyesho halizidi robo tatu. Siku zote mbili za onyesho pigano lote lilirudiwa nusu saa kabla ya watu kuingia.

Damu ilileta kioja. Brutus anawaambia wenzake waoshe mikono kwenye damu ya Kaizari, hivyo damu ni lazima. Ya kwanza ilitengenezwa kwa asali na rangi nyekundu ya chakula, nzito na yenye kung'aa. Mazoezini nje, chini ya mwembe, nyuki walifika kabla hotuba ya Brutus haijaisha. Ikabadilishwa: vijiko vikubwa viwili vya wanga wa muhogo kwa nusu lita ya maji, ikachemshwa hadi iwe uji, ikapoa, ikatiwa rangi ya chakula na nusu kijiko cha chai cha kakao ili wekundu usiwe wa juisi. Haina sukari, na nyuki hawakuijali. Ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kitambaa, maana rangi nyingine haitoki.

Mavazi yalikuwa vipande vya merikani, kitambaa kile kile kilichokuwa fedha ya misafara iliyopita Unyanyembe, eneo la Tabora, karne ya 19, mita tatu kwa moja na nusu. Yalifungwa lubega juu ya bega la kushoto, mkono wa kulia huru, kama Warumi walivyovaa, na kubanwa kwa pini mbili begani. Pindo liishie katikati ya ugoko. Likifika kwenye kisigino, mtu ataanguka. Mkono wa kushoto unaoshikilia kitambaa ulitibu ugonjwa wa vijana wengi jukwaani, kutojua mikono iwekwe wapi.

Maiti nayo ilihitaji kufikiriwa. Kaizari alikuwa alale chini karibu dakika 20 huku nzi wakimtembelea, na kila pumzi yake ilionekana. Wakaamua wanne wambebe kumtoa baada ya mauaji, na kwenye mazishi lirudi gunia lililojazwa nyasi na kufungwa joho lenye damu. Antony alipolivuta joho alilivutia upande wake, na watazamaji waliona madoa tu.

Bwalo la shule lina paa la mabati lisilo na dari na sakafu ya saruji. Piga kofi moja, mwangwi unabaki. Onyesho likahamishiwa nje saa kumi alasiri. Hilo pia si geni kwa tamthilia hii: Thomas Platter, Mswisi aliyeiona London tarehe 21 Septemba 1599, aliitazama alasiri, mwanga wa mchana, waigizaji wapatao 15. Upepo wa kiangazi Tabora hutoka zaidi mashariki, kwa hiyo jukwaa liliwekwa mashariki na watazamaji magharibi: upepo unabeba sauti kwenda kwao, jua liko nyuma yao na kuwaangaza waigizaji. Baada ya Oktoba usijaribu; mvua zikikaribia, si nje wala chini ya mabati panapofaa.

Siku ya kwanza watazamaji walicheka Cinna alipouawa. Umati ulikuwa unamkimbiza kwa mduara, na kwa wanafunzi wenzao ule ulikuwa mchezo wa kukimbizana. Siku ya pili mbio ziliondolewa. Umati ulimzunguka polepole, kila mmoja akauliza swali lake kwa sauti ya chini, na vicheko vikaishia swali la pili.

Kilichobaki kibovu hadi mwisho ni Brutus. Hotuba yake kwa Kiingereza ni nathari, fupi, ya hoja zilizopangwa, na kikundi kilitumia saa nyingi kwa Antony hata Brutus akapata mazoezi ya siku mbili. Matokeo yake umati ulimshangilia kwa sababu umeelekezwa kushangilia, na Antony akageuza watu ambao hawakuwa wamesimama popote. Brutus apewe saa sawa na Antony, na wiki ya saba yafanyike majaribio: waitwe wanafunzi 20 wasioijua tamthilia, onyesho lisimamishwe mara Brutus anapomaliza, waulizwe nani anakubali kwamba Kaizari alistahili kufa. Mikono ikiwa chini ya kumi, Antony asubiri.